Kanisa Kuukuu na Haraka Yetu

Kanisa la kijiji chetu, karibu na Bariadi mjini, linataka kubomolewa. Kamati ya ujenzi imekaa, imekubaliana, na imenitaka nitoe mchango wangu. Mchango nitautoa, ila kwanza nitasema.

Kosa la kanisa hili, naambiwa, ni uzee. Kuta zake ni nene, madirisha ni madogo yenye tao la nusu duara, sakafu ina nyufa. Mama yangu alibeba maji ya kufyatulia matofali yake, na mabati yalinunuliwa kwa fedha za pamba. Sasa tunataka madirisha ya alumini, dari ya jipsamu na vigae vinavyong'aa. "Twende na wakati, mwalimu," mwenyekiti aliniambia.

Twende, lakini kwa njia ipi? Kule Uingereza, katika kijiji cha Kilpeck, lipo kanisa lililojengwa yapata mwaka 1140 kwa mtindo uitwao Romaneski: kuta nene, matao ya nusu duara. Unene ule haukuwa ushamba. Tao husukuma uzito pembeni, na ukuta mwembamba ungepasuka. Kwetu hapa unene huo una kazi ya pili: huzuia jua la Oktoba. Katika makanisa mengi ya namna hiyo, waumini walipoongezeka, mafundi hawakubomoa kila kitu. Walitoboa ukuta, wakaacha nguzo na matao, wakaongeza nafasi ndefu pembeni. Wajukuu zao wakapanua madirisha. Anayeingia leo huona kazi ya kila kizazi.

Wala tusisingizie kuwa hayo ni mambo ya Wazungu. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, ambayo ni ya kale kuliko Kilpeck. Sehemu kubwa ya jengo lenyewe ilijengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi yale yamebaki upande wa kibla. Kurekebisha si dhambi. Dhambi ni kufuta.

Nitajibiwa kwamba kanisa halitutoshi, kwamba Jumapili vijana husimama nje chini ya mkwaju. Ni kweli. Basi tutoboe ukuta mmoja na kuongeza nafasi pembeni, chini ya macho ya fundi anayejua kazi yake.

Nitajibiwa pia kwamba sheria haituzuii. Nayo ni kweli. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda majengo ya kabla ya mwaka 1863. Yaliyofuata husubiri tangazo la waziri. Mbele ya sheria hiyo kanisa letu ni mtoto mchanga. Ndiyo maana mlinzi wake ni sisi.

Na kama hamtabomoa, msikimbilie kulipiga lipu ya saruji. Tofali laini likifungiwa ndani ya saruji hushindwa kutoa unyevu, likaoza taratibu huku nje likipendeza.

Mama yangu hakujua kuandika. Jina lake haliko katika kitabu chochote cha parokia kama mjenzi. Kazi yake ni ukuta ule. Mkiuvunja, niambieni kwanza nitamwonyesha nini mjukuu wangu.

Wahenga walikwisha kutuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.