Taa za bwawa zisiwapoteze kasa

Nina neno kuhusu taa za bwawa la kuogelea la jamii linalopangwa. Mimi ni mtu wa Kinondo. Ninaomba anayechora ramani ya bwawa hilo autembelee ufuo wetu kwanza, tena usiku.

Kasa hutaga huku kwetu, na kule Galu pia. Mayai hukaa mchangani kama miezi 2, kisha watoto hutoka gizani na kufuata upande wenye mwanga, kwa kuwa usiku bahari huwa na mwanga zaidi kuliko nchi kavu. Simamisha mlingoti wa taa nyeupe karibu na ufuo, watageuka waje bara. Asubuhi moja niliziona nyayo zao, michirizi myembamba ya mapezi ikizungukazunguka mchangani hadi kwenye mizizi ya mvinje. Kaa walikuwa wameshafika.

Njia ipo. Taa za nje ziwe fupi, zifunikwe kofia, zimulike chini, na ziwe za rangi ya kaharabu, nanometa 560 kwenda juu. Ila ndani ya bwawa sikubali giza kamwe! Mwokoaji lazima aione sakafu, na taa ya volti 12 iliyo chini ya maji humsaidia kuliko ile ya juu inayong'aa usoni mwa maji. Bwawa likifungwa, zote zizimwe.

Tena tuna msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo, sehemu ya urithi wa dunia tangu 2008. Tafadhalini, kabla ya kuchimba shimo la mlingoti wa kwanza, waiteni wazee wa kaya na wavuvi, mkae nao.