KONA YA UFUNDI: Lenzi ipi itaingiza familia nzima?

Mwezi huu tunajibu vijana wanaotaka kushuka Bujumbura kutafuta kamera ya filamu ya mtumba. Wanauliza, tuchukue ipi?

Sisi tunasema anzeni na lenzi. Si mnajua nyumba zetu hapa zimebanana? Ukirudi nyuma hatua tatu nne, mgongo umegonga ukuta wa jirani. Na watu wanane wakisimama bega kwa bega wanachukua kama mita 3 na nusu. Ukiwa mita 3 mbele yao, lenzi ya milimita 50, ile ya kawaida, inashika upana wa mita 2 na kidogo tu. Bibi nje huku, mtoto nje kule. Ya 35 inashika mita 3. Ya 28 inakaribia mita 4, hapo wote wamo. Ya 24 inashika zaidi, lakini inavuta sana sura za watu wa pembeni.

Hata ya 28 inavuta kidogo. Basi wapangeni watu karibu karibu, pembeni pabaki nafasi. Kamera ishikwe sawa, ikiinama kuta zitaonekana zinaanguka.

Sasa kamera yenyewe. Tafuteni nyepesi, tena inayofyatua bila betri, maana umeme wetu mnaujua. Mfano ni Olympus OM-1 ya Japani, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1970. Bila lenzi ina gramu 500 hivi. Betri yake ni ya kupima mwanga tu. Ikikosekana, kwenye jua kali na filamu ya 100, weka tundu 16 na kasi 125.

Kabla ya kutoa pesa:
- Fungua mgongo wa kamera, fyatua, uone pazia linafunguka.
- Elekeza lenzi kwenye mwanga, uangalie kama ina kuvu ndani.
- Hakikisha lenzi inaingia. Ya Nikon haikai kwenye Olympus.
- Uliza kwanza filamu itasafishwa wapi. Siku hizi wasafishaji ni wachache.

Jamani, hapa watu wanaagana. Wengine wanaitwa ng'ambo, wengine wanarudi kwao. Siku hiyo picha ni moja, na anayeachwa nje, wajukuu watamjua kwa jina tu.

Maswali mengine yaleteni shuleni. Tuonane mwezi ujao!