Eti Wanalipwa Wakilala: Ukweli wa Pesa ya Wasio na Kazi Uingereza

Juzi baada ya Isha, barazani, nimesikia tena yale maneno. "Kule Uingereza mtu akikosa kazi serikali inamlipa amelala." Watu wakacheka, mmoja akasema basi yeye anatafuta viza kesho. Mimi sikucheka. Nina binamu yangu kule, mtoto wa mamdogo. Mwaka jana kampuni aliyokuwa akiifanyia usafi ilipoteza kandarasi na yeye akajikuta nje. Usiku huo nikamwandikia: dada, ni kweli mnalipwa mkilala? Akanijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Nusu yake ni kicheko, na si kile cha furaha.

Vijana wenzangu, wacha niwaeleze inavyokwenda, manake hii hadithi ya pesa za bure imetupotosha sana.

Malipo yenyewe yanaitwa Universal Credit. Yalitungiwa sheria mwaka 2012 na kuanza kutolewa 2013. Ukiomba leo, kwa kawaida unangoja wiki tano kabla ya kuona senti ya kwanza. Ukitaka mapema unapewa mkopo, na unakatwa baadaye. Katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025, mtu asiye na mwenza mwenye miaka 25 na zaidi alikuwa akipata pauni 400.14 kwa mwezi. Aliye chini ya miaka 25 alikuwa akipata 316.98, kana kwamba mkate unauzwa kwa umri. Msaada wa kodi ya nyumba huhesabiwa mbali. Usikimbilie kuzidisha kwa shilingi, kwa sababu basi, umeme na chakula kule vinalipwa kwa pauni.

Sasa njoo kwenye masharti. Kabla ya kulipwa unakubali mkataba unaoandika utafanya nini kila wiki kutafuta kazi. Kwa mtu mzima mwenye afya na asiye na mtoto mdogo, unaweza kudaiwa hadi saa 35 kwa wiki za kutafuta. Hiyo ni kama kazi ya kuajiriwa, ila bosi hayuko. Kila hatua unaijaza kwenye daftari la mtandaoni: umeomba wapi, umepiga simu kwa nani, umerekebisha CV lini. Kuna afisa anayekusimamia na unaenda kumwona siku aliyopanga. Usipofika bila sababu anayoikubali, pesa inakatwa.

Binamu yangu alikosa miadi moja. Mamdogo alizidiwa asubuhi hiyo, akampeleka hospitali, na akiwa kwenye foleni akaandika kwenye daftari kwamba hataweza kufika. Ujumbe haukusomwa hadi baadaye. Alivyoelezwa ni kwamba anakatwa kwa kila siku hadi atakapojitokeza, na juu yake siku 7 zaidi. Kwa mwenye kulipwa pauni 13 hivi kwa siku, hizo siku ndizo chakula. Alilia kwa simu, na huyu si mtu wa kulia.

Na hilo ndilo kosa dogo. Ukikataa kazi uliyopewa, au ukiacha kazi kwa hiari yako bila sababu inayokubalika, unaweza kukatwa siku 91. Ukirudia ndani ya mwaka, siku 182. Zamani ilifika hadi miaka mitatu, wakaipunguza 2019.

Kudai mtu atafute kazi sioni ubaya. Anayekula jasho la walipa kodi na aulizwe anafanya nini, hilo hata mzee wangu angeuliza. Kinachonisumbua ni jinsi wanavyopima. Kutafuta kazi na kuthibitisha kwamba unatafuta kazi ni vitu viwili. Anayejua kujaza daftari atatuma maombi arobaini kwa kazi asizoziweza na ataonekana mtu wa bidii. Anayekaa siku tatu akiandaa ombi moja zuri, akaenda kwa miguu kumwona mwenye karakana, ataulizwa: mbona una moja tu? Mfumo unahesabu karatasi. Mwongo anafaulu na mkweli anatoa jasho.

Tena tangu 2022 muda wa kujichagulia kazi ya fani yako umefupishwa kutoka miezi mitatu hadi wiki nne. Fundi wa umeme aliyesoma miaka anapewa mwezi mmoja, kisha anatakiwa aombe chochote kile. Na dini je? Mwislamu akiambiwa akaombe kazi ya kuuza pombe, anaweza kueleza kwamba dini yake haimruhusu, na hiyo ihesabiwe kama sababu. Lakini lazima aiseme, tena mapema na kwa maandishi. Akinyamaza, akakataa tu siku ya usaili, anajitia hatarini mwenyewe.

Wanaotetea adhabu husema zinawasukuma watu kazini. Basi twende na utafiti wao wenyewe. Wizara yao ya Kazi na Pensheni ilifanya uchunguzi, ikakaa nao muda mrefu ikikataa kuutoa, na ulipotoka 2023 ukasema waliokatwa pesa walichelewa zaidi kupata kazi, na walipoipata mshahara ulikuwa mdogo. Fikiria hilo kidogo. Adhabu iliyowekwa ili upate kazi haraka inakuchelewesha. Kwa nini? Binamu yangu alinijibu bila kusoma utafiti wowote: "Ukiwa huna nauli wala bando, utatafuta kazi na nini?"

Aliyeona filamu ya Ken Loach ya mwaka 2016, I, Daniel Blake, ataelewa haraka. Seremala wa Newcastle mwenye ugonjwa wa moyo, daktari kamkataza kazi, ila ofisi inamtaka athibitishe anatafuta kazi ambazo akizipata itabidi azikatae. Anaandika CV kwa penseli. Ni mchezo wa kuigiza, sawa, lakini binamu yangu aliiona akaizima katikati. Alisema hana haja ya kulipia kuona maisha yake.

Halafu kuna hili la "pesa za bure." Kule kuna posho ya pili ya mtafuta kazi, isiyozidi siku 182, ambayo huipati kama hujachangia bima ya taifa kutoka mshahara wako kwenye miaka ya kodi miwili iliyotangulia. Hiyo utaiita sadaka? Ulikatwa ukiwa kazini ili ushikwe mkono ukianguka. Na hata ile ya kwanza inatoka kwenye kodi, ambayo msafishaji naye hulipa kila anaponunua kitu dukani.

Huku kwetu je? Ukifutwa kwa sababu nafasi yako imeondolewa, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inakupa notisi ya mwezi na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliofanya. Baada ya hapo, NSSF haina malipo ya kila mwezi kwa aliyekosa kazi, na wewe unaanza kukanyaga lami na bahasha ya vyeti, cha polisi, cha KRA, cha HELB, vingine unavilipia kabla hata hujaitwa usaili. Lakini Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na kwamba Serikali itawapa msaada unaofaa wasioweza kujikimu na kuwakimu wanaowategemea. Imeandikwa "itawapa." Haikuandikwa "ikipenda."

Kwa hivyo siku tutakapoidai hiyo haki, na tuidai, tujue pia tunadai ya aina gani. Tusiombe ya Uingereza na kamba zake zote. Mtu akikosa miadi aulizwe kwanza, akatwe baadaye ikibidi. Mtoto wa Garissa anayesafiri kilomita nyingi kufika ofisi ya serikali hawezi kupimwa kwa saa na mtandao kama aliye mtaa wa pili. Haya tuyaseme sasa, manake kanuni ikishachapishwa kuing'oa ni shughuli.

Na kama una ndugu kule aliyekatwa, mpelekee haya leo. Aombe uamuzi uangaliwe upya. Ana mwezi mmoja tangu tarehe iliyo kwenye barua. Wakikataa, anaweza kwenda mahakama ya rufaa ya kijamii, na halipi ada. Apige picha kila anachokiandika kwenye daftari kabla hakijapotea, atunze karatasi za hospitali hata kama ni tiketi ya foleni. Kama Kiingereza kinamlemea, aombe mkalimani. Ni haki yake. Kama miadi inaangukia wakati wa swala ya Ijumaa, aombe ibadilishwe kabla ya siku yenyewe. Akiishiwa kabisa, kuna malipo ya dharura, ila ajue ni deni na watayakata baadaye.

Binamu yangu alifanya hivyo. Ile tiketi ya foleni ya hospitali ilikuwa bado kwenye mkoba wake. Pesa zilirudishwa baada ya wiki sita. Kodi ya mwezi ule alishakopa kwa jirani.