MPIRA UNAPOTEZWA MEZANI, SIYO UWANJANI

Ndugu Wafanya Kazi,

Kila Jumatatu katika karakana maneno huwa ni yale yale. Manchester United ikishindwa, wenzetu husema: wachezaji ni wavivu, wanalipwa mno, wafukuzwe wote. Mimi nasema hayo ndiyo maneno ambayo mabwana wakubwa husema juu yetu kazi inapoharibika. Behewa likitoka relini wa kwanza kuulizwa ni fundi. Hakuna anayemwuliza yule aliyekataa kununua vyuma. Basi na tuitazame klabu hii kwa macho ya wafanya kazi, siyo kwa macho ya watazamaji tu.

Kwanza, jueni kwamba klabu hii ilizaliwa na watu wa reli. Mwaka 1878 wafanya kazi wa karakana ya mabehewa ya Lancashire and Yorkshire Railway, mahali paitwapo Newton Heath mjini Manchester, waliunda timu yao wakavaa jezi za kijani na manjano. Mwaka 1902 ilikaribia kufa kwa deni la pauni 2,670, ikaokolewa, ikapewa jina tulijualo leo. Tena mwaka 1907 wachezaji wake, Billy Meredith na Charlie Roberts wakiwa mbele, walisaidia kuunda chama cha wachezaji, maana wakati ule sheria ya mpira ilikataza mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa juma. Mwaka 1909 wakubwa wa mpira wa Uingereza waliamuru wachezaji wakitoke chama hicho la sivyo wasicheze. Wale wa Manchester United walikataa. Walifungiwa, wakasimama imara, na chama hakikufa. Mwisho wa mshahara ule uliowekwa na wakubwa uliondolewa mwaka 1961, baada ya chama kutishia mgomo.

Sasa tazameni yaliyowapata warithi wa watu hao. Mwaka 2005 tajiri wa Marekani, Malcolm Glazer, aliinunua klabu kwa pauni milioni 790 hivi. Nyingi ya pesa hizo zilikuwa za kukopa, na sehemu kubwa ya mkopo iliwekwa juu ya klabu yenyewe, ambayo kabla ya hapo haikuwa na deni. Ni kama mtu anunue basi kwa pesa za benki, kisha amwambie dereva na utingo walipe deni kwa nauli wanazokusanya, na basi likiharibika ni juu yao. Twasema dawa ya deni ni kulipa. Kweli, lakini mlipaji hapa ni nani? Ni mnunuzi wa tikiti, mnunuzi wa jezi, na sisi huku tunaolipa ili kutazama. Katika miaka iliyofuata, zaidi ya pauni bilioni moja zilikwenda katika riba, gawio la wenye hisa na gharama za deni hilo. Mwaka 2025 klabu ilikuwa bado inadaiwa zaidi ya pauni milioni 500. Wakati huo wote uwanja wa Old Trafford ulizeeka, hata mwezi wa Mei 2024, baada ya mchezo na Arsenal, mvua ilimwagika kutoka paani kama maporomoko, watu wakiona.

Kwa miaka kadhaa ubaya huu ulifichwa na kazi nzuri ya Alex Ferguson, aliyeshinda ligi mara 13. Mwaka 2013 yeye alistaafu, na msimamizi mkuu David Gill akaondoka wakati ule ule. Kiti cha msimamizi akapewa Ed Woodward, mtu wa benki aliyeisaidia jamaa ya Glazer katika ununuzi wa mwaka 2005. Kuuza matangazo alijua sana. Kujua ni mchezaji gani anunuliwe na kwa kazi gani ni ufundi mwingine. Walimu wa timu wakaletwa na kufukuzwa, kila mmoja na mfumo wake, na kila mmoja akiwaachia wachezaji aliyefuata asiyewataka. Ligi hawakuishinda tena baada ya mwaka ule, na katika msimu wa 2024-25 walimaliza nafasi ya 15.

Penye wakubwa wasiojua kazi, dalali hushiba. Paul Pogba aliachwa aende zake bure mwaka 2012. Mwaka 2016 klabu ile ile ilimnunua tena kwa pauni milioni 89, bei ambayo haijapata kulipwa duniani kabla ya hapo. Mwaka uliofuata nyaraka zilizovuja zilieleza kwamba wakala wake, Mino Raiola, alikuwa apate kiasi cha pauni milioni 41 katika biashara hiyo, kutoka kwa muuzaji, kwa mnunuzi, na kwa mchezaji mwenyewe. Shule za misheni zilitufundisha habari ya mtumishi na mabwana wawili. Huyu alikuwa na watatu! Mwaka 2022 Pogba aliondoka tena bure. Klabu ilipoteza, naye dalali alikuwa ameshapata chake.

Najua mtu atajibu: wewe ni mtu wa chama, mbona unakataza mchezaji kuwa na msemaji wake? Sikatazi. Mchezaji peke yake mbele ya wakurugenzi ni kama kuli peke yake mbele ya meneja. Lakini wakala si chama. Chama hakipati senti kwa sababu mwanachama amehamishwa. Wakala hupata kila mara mtu anapohama, kwa hiyo faida yake ni watu wasitulie. Katibu wa chama tunamchagua na tunaweza kumwondoa. Wakala aliyelipwa na pande zote anajibu kwa nani? FIFA ilipotunga kanuni za kupunguza malipo yao mwaka 2023, mawakala walikwenda mahakamani kuzipinga.

Mwingine atasema mwenye mali hufanya apendavyo. Basi msikilize nani aliyelipa. Mwezi wa Julai 2024 klabu ilimwongezea mwalimu Erik ten Hag mkataba, na mwezi wa Oktoba ikamfukuza. Kumwondoa yeye na wasaidizi wake, pamoja na mkurugenzi wa mpira Dan Ashworth aliyekaa miezi mitano tu, kuligharimu pauni milioni 14.5. Mwaka huo huo, chini ya Jim Ratcliffe, aliyenunua zaidi ya robo ya hisa na kupewa usimamizi wa mpira, kazi 250 hivi zilipunguzwa. Mwaka 2025 zikatangazwa nyingine hadi 200, na chakula cha mchana cha bure cha wafanya kazi wa Old Trafford kikaondolewa, wakapewa matunda. Makarani na wapishi hao hawakumnunua Pogba, wala hawakutia sahihi mkopo wa 2005. Wapiganapo tembo nyasi huumia.

Ndugu zangu, dawa ipo. Mwaka 2005 watazamaji waliochukizwa waliunda klabu yao, FC United of Manchester, ambayo kila mwanachama ana kura moja. Huko Ujerumani kanuni ya tangu mwaka 1998 inataka klabu nyingi zibaki na wanachama wakiwa na kura zaidi ya nusu. Na tajiri huogopa watu wakisimama pamoja: mwezi wa Aprili 2021 klabu 12 kubwa za Ulaya zilipotangaza ligi yao ya matajiri, watazamaji wa Uingereza walijaa barabarani, na klabu zote sita za nchi hiyo zikajitoa kwa siku mbili.

Sisi nasi tuna timu za mitaa, tuna vyama vya akiba, tuna chama hiki. Mahesabu yanaposomwa katika mkutano wa mwaka, wengi wetu huwa nje tukingoja soda. Tusifanye hivyo tena. Tuulize deni ni la nani, nani amelipwa katikati na kwa kazi gani, na aliyeamua tumwondoe kwa kura gani. Asiyekuwapo na lake halipo.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama, Karakana ya Reli