Umeme ukikatika, nani anakumbuka?

Haya mpenzi msomaji, wiki hii tuko Kakonko, ile wilaya iliyomegwa Kibondo mwaka 2012. Ndani ya steshenari moja, dada anachapa katiba ya kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa. Amefika ukurasa wa tisa na hajasevu hata mara moja. Kompyuta ni ya mezani, betri ya akiba hakuna.

Mara puu! Umeme huo, umekwenda. Uliporudi, katiba haipo, na kesho yake asubuhi inatakiwa wilayani.

"Lakini mwanangu," mama mmoja akalalamika, "si ulisema kompyuta yako ina memori kubwa?"

Hapo ndipo penye kasheshe. Memori si moja, bwana! RAM ni meza ya kazi: ina kasi, lakini inaishi kwa umeme. Kila herufi inashikiliwa kwa chaji ndogo ndogo zinazovuja, kwa hiyo mashine huzijaza upya mara nyingi kwa sekunde. Umeme ukienda, meza inabaki nyeupe.

Hadi diski, SSD na flashi ni ghala. Maharage uliyoweka jana, leo utayakuta. Hadi diski huandika kwa sumaku. SSD na flashi hunasa chaji ndani ya chipu, hata umeme usipokuwepo. Kusevu maana yake ni kutoa mezani na kupeleka ghalani, basi.

Sasa usije ukaingizwa mjini dukani. Simu ikiandikwa "4 + 64", 4 ni gigabaiti za RAM, 64 ni za kuhifadhia. Picha zikigoma kuingia, ghala limejaa. Ikikwamakwama ukifungua mambo mengi kwa pamoja, huenda meza ni ndogo, na kununua kadi ya memori hakutaipanua.

Nawe unayetaka kuiongezea RAM kompyuta yako, angalia aina kwanza. DDR3 ya kompyuta ya mezani ina pini 240, DDR4 ina 288, na pengo la katikati halilingani. Ukilazimisha utavunja kitu, halafu useme umerogwa!

Na dada yetu? Alikesha akichapa upya, kila aya anabonyeza Ctrl na S. Asubuhi kina mama wakaondoka na katiba yao, yeye akabaki na macho mekundu.

Sevu mapema, mpenzi. Tukutane wiki ijayo!