Tusinunue Fahari Tukasahau Breki

Magari ya Kijerumani ya milango minne, yale yenye nguvu na mwendo mkali, yaliyotengenezwa miaka 20 au 30 iliyopita, yanazidi kuonekana katika mitaa yetu. Bei yake imeshuka kiasi kwamba hata mfanyakazi wa mshahara wa kawaida, akijibana, aweza kulipata moja. Vijana huyapenda kwa mngurumo wake. Wazee hutikisa vichwa wakasema kwamba hayo ni magari ya kufilisi watu. Sisi tunasema kwamba gari la namna hiyo halina kosa lolote. Ni amana, na amana ina masharti yake.

Tuchukue mfano ulio maarufu, yaani BMW ya mfululizo wa 5 ijulikanayo na mafundi kwa jina la E39. Ilianza kuuzwa mwaka 1995, na uundaji wa ile ya milango minne ukakoma mwaka 2003. Ile iitwayo 530i ilikuwa na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye nguvu za farasi 231. Dada yake mkubwa, M5 iliyotoka mwaka 1998, ilikuwa na silinda nane na nguvu za farasi 400, na mwendo wake ulizuiwa na kompyuta ufikapo kilomita 250 kwa saa. Magari hayo yalizaliwa katika nchi ambayo baadhi ya barabara zake kuu hazina kikomo cha mwendo, bali ushauri tu wa kilomita 130 kwa saa. Lakini ni nchi hiyo hiyo ambayo sheria yake humlazimisha mwenye gari dogo kulipeleka kwenye ukaguzi wa kina kila baada ya miaka miwili. Mwendo ule na ukaguzi ule ni mapacha. Sisi tumempokea pacha mmoja tukamwacha mwenziwe bandarini.

Yafaa tujiulize kwa nini gari la heshima kama hilo huuzwa kwa bei ya chini. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, na Tanzania hulitoza gari la umri huo ushuru wa ziada. Kwa hiyo mengi ya magari hayo makuukuu yameshakaa kwetu muda mrefu, yakipita mkono hadi mkono, na kila mwenye kuuza humwachia mnunuzi kazi ambayo yeye hakuifanya. Bei ya chini, basi, mara nyingi si bahati. Ni deni la matengenezo lililohamishwa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Na vipuri havijui kwamba gari limeshuka bei: pampu na rejeta za gari la kifahari hubaki na bei ya gari la kifahari.

Deni hilo hukaa zaidi katika njia ya maji. Katika E39, tangi la maji ya akiba, pande za rejeta na nyumba ya thamostati ni za plastiki. Maji hayo huzunguka yakiwa moto na yenye shinikizo, na plastiki iliyopikwa kwa miaka mingi hukauka na kupasuka bila taarifa. Mshale wa joto nao hukaa katikati wakati joto linapanda na kushuka kwa nyuzi nyingi. Ukianza kusogea kuelekea kwenye wekundu, injini imekwisha kuwa hatarini. Kichwa cha injini ni cha aluminiamu, na kikizidiwa na joto hupinda. Mwenye busara hubadilisha vitu hivyo kabla havijapasuka. Badala yake, baadhi ya mafundi wetu huing'oa thamostati na kujaza maji ya bomba. Injini hiyo hukosa joto lake la kufanyia kazi, hula mafuta zaidi, na chuma chake huanza kuliwa na kutu.

Sisi tunaoandika haya hatusemi kwa kusimuliwa. Tuliwahi kumiliki gari kuukuu la Kijerumani. Kwa wiki tatu tulikuwa tukiongeza maji kila asubuhi, huku tukijiambia kwamba mwezi ujao tutatafuta yanakovujia. Mwezi ulipofika, fedha tulizipeleka kwenye ringi mpya zenye kung'aa. Siku moja tulimpakia mama yetu mzazi, aliyekuwa mgonjwa, kumpeleka hospitali Dar es Salaam. Baada ya kupita Kabuku, mvuke ukafunika kioo cha mbele. Mama alikaa chini ya mwembe kwa saa mbili, shuka begani, mpaka dereva wa lori la machungwa alipomhurumia na kumpa nafasi mbele. Hakutulaumu. Alipokuwa akipanda aliziangalia zile ringi, kisha akatuangalia sisi. Kosa halikuwa la gari wala la aliyeliunda. Lilikuwa letu.

Maji yakiisha, gari husimama. Breki zikiisha, gari halisimami, na hapo ndipo jambo hili linapokoma kuwa la mtu binafsi. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali ambao gari huserereka baada ya breki kushika huwa mara nne. Mafuta ya breki hunyonya unyevunyevu wa hewa, na kwa hiyo hupaswa kumwagwa na kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama hayajapungua. Tairi nazo huzeeka hata zikiwa na kashata. Ubavuni mwake mna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ni wangapi miongoni mwetu waliokwisha kuinama na kuzisoma? Mtoto avukaye barabara kwenda shule hajui kwamba gari linalomjia lina nguvu za farasi 231 na tairi za mtumba. Yeye ndiye atakayelipa deni ambalo hakukopa.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kuyaacha kabisa magari hayo na kununua gari dogo jipya zaidi. Kwa asiye na akiba, shauri hilo ni la haki, na alifuate bila kuona haya. Lakini hatuoni kwamba gari kuukuu ni aibu. Kukitunza kilichopo kuliko kukitupa ni kujiepusha na israfu, na fundi aliyeijua vyema injini ya silinda sita amepata elimu ya kumlisha yeye na wanafunzi wake. Tunachokipinga ni fahari isiyo na matunzo.

Kwa hiyo tunatoa rai. Anayetaka kununua alipeleke gari kwa fundi aliyemchagua mwenyewe, si wa muuzaji, na asimalizie fedha zake zote kwenye bei. Abakishe fungu la maji, breki, tairi na bushi kabla ya redio na ringi. Wenye gereji wakatae kuling'oa lile wasilojua kulirudisha. Na wenye dhamana ya usalama barabarani wakumbuke kwamba ukaguzi wa kweli haumaliziki kwa kubandika stika kiooni. Gari linyanyuliwe, magurudumu yafunguliwe, breki zipimwe.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa tangi la maji huzibwa kwa mshahara wa siku chache. Ukuta wake ni injini nzima, au roho ya mtu. Mwenye gari kuukuu na aanze leo: aufungue boneti asubuhi hii, injini ikiwa bado ya baridi, aangalie maji, kisha ainame asome tairi zake.