Dereva Asikizwe



Huku Mai Mahiu matajiri wengi wachimbisha silanga kwa trekta ndogo yenye beleshi mbele. Kazi ni njema, lakini udongo wetu ni majivu ya volkeno: hunyonya maji, na kingo hubomoka. Dereva ajuaye huanza na mteremko wa kuingilia na kutokea, hubeba beleshi chini, wala hatupi udongo ukingoni. Tajiri naye hulia dizeli yake!

Twasema, asiposikizwa asichimbe, hasa silanga ikiwa juu ya nyumba za watu. Solai, tarehe 9 Mei 2018, ukuta wa bwawa ulivunjika usiku, watu zaidi ya 40 wakafa. Dereva akikataa asihesabiwe mtoro, na siku hiyo alipwe.